Nyumba Isiyofagiwa

Rukia aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake amefariki, jambo la pili alilolisema, kabla hata sijampa pole, ni kwamba hawawezi kumzika. Bi Zuhura alikuwa ameanguka jikoni kwake Walthamstow, London, ghafla, sufuria ya mchele ikiwa motoni, na kwa kuwa hakuwa mgonjwa na hapakuwa na daktari aliyemwona karibuni, sheria ya nchi ilitaka mwili uchunguzwe na hati itolewe kwanza. Ofisi ya kutoa hati ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Rukia alizaliwa London, Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku ile alikuwa akizungumza Kiingereza chake cha kazini, kilichonyooka, mpaka alipofika mahali maneno yakamwishia, akasema kwa lugha ya mama yake, "Da Nasra, wamemtia kwenye friji." Nilikaa kitandani na simu mkononi. Niliyemfikiria wakati ule, Mungu anisamehe, hakuwa marehemu. Nilimfikiria mwanamke mwingine, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi, na mwaka mmoja ambao sote watatu tuliishi chini ya paa moja na kutazama filamu moja, kila Jumapili, kama watu wanaohudhuria ibada.

Nilikuwa nimekuja kusoma shahada ya pili, na chumba nilichopata, Rukia akiwa anasoma mji mwingine mwaka ule, kilikuwa juu, upande wa barabarani, katika nyumba nyembamba ya Bi Zuhura iliyobanwa kati ya nyumba nyingine nyembamba, si mbali na soko lile refu linaloshika mtaa mzima. Bi Zuhura alitoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, na habari hiyo alikuwa akiimaliza kwa neno moja, "tuliondoka," kisha anauliza kama umekula. Alikuwa akishona mapazia kwa ajili ya duka moja, cherehani yake ikiwa chini ya dirisha la sebuleni, na vitambaa vya watu vilivyosubiri kupindwa vilikuwa vimelala juu ya kila kiti, hata mgeni alilazimika kushikilia pazia la mtu mapajani ndipo apate pa kukaa. Kulikuwa na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, mashine ya video, na hita ya gesi iliyonuka kidogo. Jikoni palitawala sheria moja isiyoandikwa: nguruwe hapiti mlangoni. Mengine yote yaliruhusiwa. Nakumbuka sakafu ya jikoni kuliko kitu chochote, kwa sababu Bi Zuhura aliifagia kila asubuhi kabla ya chai, akianzia jikoni na kuishia mlango wa mbele, na mchakacho wa ule ufagio ndio ulioniamsha mwaka ule mzima, isipokuwa siku chache ambazo nitazieleza.

Chumba cha nyuma alikaa Kora. Jina lake kamili lilikuwa Corazon, ametoka Manila, na alifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Alikuwa na wasichana wawili wadogo na mvulana wa kwanza, Jun, wote wakilelewa na dada yake huko kwao. Alimwita Bi Zuhura "Nanay," yaani mama kwa lugha yake, na Bi Zuhura, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye bei za sokoni, alimjibu kwa Kiswahili bila kujali kama anaeleweka. Walielewana kwa njia ya chakula. Siku Kora alipopika mchuzi wake wa samaki kwa ukwaju, Bi Zuhura alionja, akaonja tena. "Nasra, muulize huyu kama ana uhakika bibi yake hakuzaliwa Pemba." Nilipomtafsiria, Kora alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilikuwa daraja lao. Maneno yote mazito waliyoambiana mwaka ule yalipita kinywani mwangu, nami nilijivunia kazi hiyo kwa namna ambayo kijana wa chuo hujivunia, nikichagua neno, nikilipima, nikihakikisha sikuongeza wala sikupunguza.

Kanda ya filamu ilikuwa ya Kora. Aliinunua kwenye duka la Wafilipino magharibi mwa jiji, na aliileta sebuleni Jumapili moja ya mvua kwa haya kidogo, akisema ni filamu ya zamani, ya kwao, ya watu maskini, pengine hatutaipenda. Hakujua alikuwa anaileta kwa nani. Bi Zuhura alikulia katika enzi ya sinema za Kihindi, zile za Jumapili alasiri zilizotengwa kwa wanawake, ambapo ukumbi mzima ulijaa mabuibui na harufu ya asmini, na mtu aliyetoka na macho makavu alitazamwa kama aliyekula karamuni bila kumshukuru mwenyeji. Alikuwa na adabu zake za kutazama. Kitambaa cha kufuma kiliondolewa na kukunjwa. Kashata zilipangwa sahanini. Kanga safi ilitandazwa mapajani kwa ajili ya machozi, maana kwake machozi yalikuwa sehemu ya tiketi. Na watu wa kwenye filamu lazima wasemeshwe: waonywe, watukanwe, wapewe pole. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya picha, mimi nikiyasoma na kuyageuza Kiswahili kwa sauti, Kora akiongeza yale ambayo maandishi yaliyaruka, na Bi Zuhura akiwajibu wahusika moja kwa moja, kana kwamba wako upande wa pili wa uchochoro.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Mwanamke mmoja, mfuaji wa nguo za watu, anaishi na mwanawe katika kibanda cha mbao na mabati pembezoni mwa mfereji mchafu katikati ya Manila. Mumewe yuko mbali, anajenga barabara katika kisiwa kingine. Wakuu wa mji wameamua kuvibomoa vibanda vyote. Katika wiki hiyo hiyo mtoto anashikwa na homa, mama anambeba kutoka hospitali hii hadi ile, na mtoto anafia njiani, juu ya mapaja yake, ndani ya basi lililojaa watu wanaotazama dirishani. Anamrudisha nyumbani. Kwa desturi yao maiti hulazwa ndani, katika jeneza lenye kioo, mishumaa ikiwaka, na ndugu aliye mbali hungojwa mpaka afike. Maiti hakai peke yake hata dakika moja. Na kwa muda wote huo nyumba haifagiwi. Jirani anaposhika ufagio ili amsaidie mfiwa, yule mama anamnyang'anya kwa hasira, kwani ukifagia kabla ya mazishi, unafagia na walio hai. Kisha wavunjaji wanafika na nyundo zao. Wanavunja kibanda hiki, wanavunja kile, wanafika kwa mfuaji, msimamizi anachungulia mlangoni na kuona mishumaa. Anavua kofia, anapiga ishara ya msalaba, anawaambia wenzake wairuke nyumba ile. Nyumba yenye maiti hawathubutu kuigusa.

Hapo ndipo filamu ilipotushika. Majirani waliovunjiwa wanaanza kuja kwa mfuaji mmoja mmoja, eti kuhani msiba, kila mmoja na kitu mkononi: huyu na kabati, huyu na kuku, huyu na godoro. "Mtazame huyo," Bi Zuhura alisema mara ya kwanza, "kaja msibani na godoro. Hana haya." Picha ikaonyesha watoto wa mwenye godoro wakilala chini ya jeneza, miguu imechomoza nje. Bi Zuhura akaivuta kanga. "Na angekwenda wapi, maskini." Majirani wanaanza kumsihi mama asizike. Maadamu mtoto yuko ndani, paa lipo. Na yule mama, ambaye hajalia tangu mwanzo, anasimama baina ya mwanawe anayestahili kupumzika na watu wanaopumulia mgongoni mwa maiti yake. Baba anapofika hatimaye, amevaa viatu vyenye lami, hakuna anayefurahi kumwona, kwa sababu kuwasili kwake ndiyo amri ya mazishi. Wanalibeba jeneza kwenye njia ya mfereji, watu wote wakifuata. Kamera inabaki na mama, usoni, na nyuma yake tunaanza kusikia nyundo. Hageuki. Filamu inakwisha.

"Lakini wanangoja nini siku zote hizo?" Bi Zuhura aliuliza Jumapili ile ya kwanza, naye aliliuliza swali hilo kila Jumapili iliyofuata, kana kwamba jibu lingeweza kubadilika.

"Wanamngoja baba," nikasema.

"Baba atalikuta kaburi, atamwombea hapo. Lazima amkute sandukuni? Maiti hangojeshwi, mwanangu. Mwambie Kora."

Nikamwambia. Kora alijifuta macho, akajibu, nami nikalirudisha jibu lake: "Anasema kwao maiti ana subira kuliko walio hai."

"Ana subira kwa sababu hana wa kumlalamikia," Bi Zuhura akasema, na sote tukacheka, nyuso zikiwa bado zimelowa.

Chuoni nilikuwa nikisoma darasa moja la filamu, na mwalimu wangu, mtu mpole mwenye sweta lililotoboka kiwiko, alituonya dhidi ya filamu za aina hiyo. Alisema zinaugeuza umaskini kuwa mahali pa kwenda kulia na kurudi. Mtazamaji hutoka mwepesi, na mfereji unabaki pale pale. Niliandika insha ya kumuunga mkono. Ilikuwa insha nzuri, na hadi leo sijaweza kusema kwamba haikuwa na ukweli. Lakini siku niliyoikabidhi nilirudi nyumbani nikamkuta Kora amevua viatu, miguu imevimba kwa kusimama, akiitazama tena ile sehemu ya godoro peke yake, bila kulia, akilamba chumvi ya samaki vidoleni. Nilimuuliza kwa nini anaitazama kila mara. Alifikiri. Akasema, "Kwa sababu naujua ule mfereji. Na kwa sababu katika filamu, baba anafika."

Habari za Jun zilikuja mwishoni mwa mwaka, wakati jiji linapoanza kuwasha taa mchana. Alikuwa ameshikwa na homa ya mbu, ile inayomwaga damu ndani, na alikufa kabla dada wa Kora hajapata kitanda cha kumlaza. Niliporudi kutoka chuoni nilimkuta Kora amekaa kwenye ngazi, katikati, si juu si chini, amevaa sare ya kazi, na Bi Zuhura amekaa ngazi moja chini yake akimkanda nyayo. Hakuna aliyekuwa analia. Jambo la kwanza Kora aliloniomba ni nimfasirie Nanay ombi: nyumba isifagiwe. Bi Zuhura alimtazama, akautazama mlango wa jikoni, akasema, "Mwambie haitafagiwa." Akauchukua ufagio, akaufungia ndani ya kabati la mita ya umeme.

Paspoti ya Kora ilikuwa katika ofisi moja ya serikali, pamoja na maombi ya kuongezewa ruhusa ya kukaa. Angeweza kuyafuta maombi, aichukue, aondoke. Lakini alielezwa waziwazi kwamba akiondoka hivyo hana ahadi ya kurudi, na wale wasichana wawili walikuwa wakila, wakivaa na kusoma kwa kazi yake ya huku. Kwa hiyo aliomba irudishwe kwa haraka, kwa sababu ya msiba, na huko Manila wakamlaza Jun ndani, chini ya kioo, wakawasha mishumaa wakakaa. Kila jioni Kora alikwenda kwenye duka la simu karibu na kituo cha treni, mwisho wa reli, akajifungia kwenye kibanda na kuzungumza na dada yake. Akirudi alisema neno moja alilojifunza kwetu: "Bado." Sakafu ilianza kusema. Vipande vya nyuzi za mapazia, punje za wali, majani makavu tuliyoyaingiza kwa viatu, vyote vilikusanyika kwenye kona na kupasuka chini ya miguu. Bi Zuhura, ambaye hakuweza kuvumilia unyoya juu ya zulia, alitembea juu yake kwa ncha za vidole. Kora aliacha kula. Alikuwa akikaa sebuleni mbele ya televisheni iliyofunikwa, na nadhani alikuwa akimkalia mwanawe kutoka huko, kwa saa za Manila.

Bi Zuhura alilistahimili jambo hilo kadiri alivyoweza, kisha mchana mmoja akaniita jikoni, akafunga mlango. "Nasra, leo ntasema naye. Na umwambie kama nnavyosema, usimpambie." Tulikwenda sebuleni. Aliondoa mapazia kwenye kiti, akaketi karibu na Kora, magoti yakigusana. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu niliyasema mara mbili, mara moja kichwani na mara moja kwa Kiingereza.

"Mwanangu, mie kaka yangu alichukuliwa wakati wa Mapinduzi, sikuonyeshwa mwili wala kaburi. Mama yangu alimngoja mpaka akafa yeye. Aliyepewa maiti azike kapewa neema, na neema haiwekwi chini ya kioo watu wakaitazama. Yule mtoto kachoka. Wewe umechoka. Waambie wamzike. Ukipata njia utakwenda, utasimama pale alipo, na yeye atajua ni mama yake."

Nilitafsiri polepole. Nilitafsiri vizuri, sijawahi kutafsiri kitu vizuri kuliko kile. Kora alisikiliza akimtazama Bi Zuhura na si mimi. Alikuwa amelala vibaya, hajala, na mbele yake alikuwa ameketi mwanamke mwenye umri wa mama yake anayesema kwa uhakika wote wa dini yake na wa jeraha lake. Kwetu sisi, kila dakika ambayo maiti yuko juu ya ardhi ni deni kwa waliobaki. Kwao, kila siku anayongojewa ndugu ni heshima kwa aliyekwenda. Hakuna aliyekosea. Nimelirudia jambo hilo miaka yote hii nikitafuta mkosaji, na kutompata ndiko kunakonichosha zaidi. "Unaamini hivyo, Nanay?" Kora aliuliza. "Naamini," akajibu Bi Zuhura, naye alikuwa anasema kweli.

Kesho yake alikwenda kwenye duka la simu, na aliporudi hakusema "bado." Mazishi yalipokwisha huko, Bi Zuhura alifungua kabati la mita, akautoa ufagio. Alifagia nyumba yote, juu na chini, chini ya vitanda, nyuma ya hita, akisoma aya kwa sauti ndogo, kwa upendo, ninavyoamini. Kora alikaa kwenye ngazi ile ile ya katikati akiusikiliza. Nilipita kando yake kuingia chumbani kwangu nikaona kwamba kila ufagio ulipovuta, mabega yake yaliruka kidogo, kama mtu anayesikia kitu kinavunjwa.

Paspoti ilifika wiki ile ile. Bahasha ilianguka kwenye mkeka wa mlangoni pamoja na matangazo ya pizza, na Bi Zuhura, ambaye hakuweza kusoma yaliyoandikwa juu yake, aliiweka kando ya sahani ya Kora kama barua yoyote. Kora aliifungua kwa kisu cha siagi. Muhuri mpya ulikuwamo, safi, na ruhusa ya kwenda na kurudi. Aliutazama, akaifunga, akaiweka juu ya friji. "Nini hiyo?" Bi Zuhura aliniuliza. Nilimwambia. Alisema, "Si unaona, Mungu kafungua," akamwongezea Kora wali.

Kisha ikaja kanda. Kwao, mazishi hupigwa picha za video kwa ajili ya walio nje, na dada wa Kora aliituma ikiwa imefungwa ndani ya fulana ya Jun. Tuliitazama Jumapili, kwa sababu hatukuwa na siku nyingine ya kutazama kitu pamoja. Bi Zuhura alitandaza kanga yake mapajani. Alitoa sahani ya kashata, akaitazama, akairudisha jikoni. Picha ilianza kuyumba, ikatulia: chumba chembamba, mishumaa, ukuta wa mbao, watoto wamekaa chini, na nje ya dirisha mabati, waya za umeme, maji meusi. Ilikuwa ile ile mitaa. Ningeapa ni kile kile kibanda. Jun alikuwa na shati jeupe na nywele zilizochanwa na mtu ambaye hakuwa mama yake. Mwanamke mmoja aliinama juu ya kioo akasema kitu, wengine wakaitikia, na Bi Zuhura akanigusa mkono. "Wanasemaje?" Macho yangu yalishuka chini ya picha, kwa mazoea ya mwaka mzima. Hapakuwa na maandishi.

"Sijui," nikasema. "Hii haina maneno."

Hakuna aliyelia. Hilo ndilo ambalo insha yangu haikulitarajia, wala adabu za Bi Zuhura. Kwa mtoto wa filamu tulikuwa tumelia mpaka pua zikavimba, Jumapili baada ya Jumapili, na sasa mbele ya mtoto mwenyewe tulikaa watatu kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari. Nimefikiri baadaye kwamba tulikuwa tumeshamlilia Jun, tumemmaliza, katika mwili wa mtoto ambaye hakuwahi kuwapo. Karibu na mwisho, kabla kifuniko hakijafungwa, dada wa Kora alikuja mbele ya kamera, akaijaza picha kwa uso wake, akazungumza kwa muda mrefu bila kupandisha sauti. Kora alisikiliza. Kisha, bila kuniangalia, akanitafsiria Kiingereza, tambarare, kama anayesoma maandishi ya chini: "Anasema, tulikuwa tayari kungoja mpaka Krismasi ipite. Jun hakuwa na haraka. Mwenye haraka ulikuwa wewe."

"Anasemaje?" Bi Zuhura akauliza.

Kora aliniwahi. "Usimwambie hilo. Mwambie anasema mazishi yalikuwa mazuri, watu walikuwa wengi."

Nikasema, "Anasema mazishi yalikuwa mazuri. Watu walikuwa wengi."

"Alhamdulillahi." Bi Zuhura alimpapasa Kora goti, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Umeona, mwanangu? Kapumzika, nawe umepumzika. Mfasirie."

Nikamfasiria. "Asante, Nanay," Kora akasema kwa Kiswahili, akanyanyuka kuitoa kanda.

Hatukuitazama tena filamu ile. Mwezi uliofuata Kora alihamia Hayes, alikopata kazi ya usafi karibu na uwanja wa ndege, nami nilimaliza masomo nikaenda mji mwingine. Niliambiwa kwamba kila Idi alikuja na samaki wake wa ukwaju, na kwamba Bi Zuhura aliwasimulia wageni wake habari ya yule binti Mfilipino aliyemsikiliza mama yake asimngojeshe mtoto. Aliisimulia hivyo mpaka mwisho.

Sasa Bi Zuhura mwenyewe alikuwa anangoja. Sikukuu ilipita, ofisi ikafunguliwa, karatasi zikakosa saini, saini ikapatikana, mwili ukatolewa friji ya serikali ukaletwa chumba cha kuoshea cha msikitini, na hapo tena wakasema kaburi halijachimbwa kwa sababu ya mvua. Nilipofika nilimkuta Kora kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa chumba kile, amezeeka, kofia ya sufu kichwani, chupa ya chai miguuni. Rukia alikuwa ameniambia: siku zile za friji Kora alikaa nje ya hospitali kila mchana mpaka alipofukuzwa kwa upole, na leo alifika na gari la maiti. Nilikaa kando yake. Hatukukumbatiana.

"Hawakai peke yao," akaniambia kwa Kiingereza chake cha zamani. "Kwenu mnawaacha peke yao chumbani. Sikuweza." Akanimiminia chai. Akaifunga chupa, akaendelea, "Nusu yangu imekuja kumkalia mama yangu. Nusu nyingine imekuja kumwona akingoja. Usinichukie."

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia Bi Zuhura alichokisema dada yake kwenye kanda. "Ili iwe nini?" akasema. "Angelia. Nilishamwona akilia."

Adhuhuri wanaume walikuja, wakaswali, wakalibeba jeneza. Kora alisimama, akachukua chupa yake, akafunga vifungo vya koti. Ikanibidi kufanya kazi yangu ya zamani. Nilimweleza kwamba katika ukoo wa Bi Zuhura wanawake hatulifuati jeneza makaburini. Tunabaki, tunasoma, tunangoja warudi. Aliuliza, "Hata mimi?" Nikasema, hata wewe. Rukia, macho mekundu, alimwambia asijali, mumewe atapiga video kwa simu, ataletewa aone. Kora alimtazama kwa huruma ambayo Rukia hakuweza kuielewa, akatikisa kichwa. "Hapana, binti yangu. Asante."

Akarudi kukaa kwenye benchi, mbele ya mlango uliobaki wazi na chumba kisichokuwa na mtu. Nje milango ya magari ilikuwa ikifungwa. Mtu wa usafi alitokea mwisho wa ukumbi, akatuamkia, akaanza kufagia kuja upande wetu, akivuta vumbi la viatu vya waliobeba. Sikumzuia. Maiti alikuwa ameshatoka, ingawa hajazikwa. Alipofika kwetu alisita kidogo, akiomba radhi. Kora akainua miguu yake yote miwili juu ya sakafu, akaishikilia hapo, ufagio ukapita.